Mama Abaki Nje

Sehemu ya Tisa

Pingu zilikuwa zimekwisha funguliwa. Hapo ndipo tulipomwacha Swaumu juma lililopita, msomaji wangu, mlangoni kwake Malolo, saa mbili asubuhi, Koplo Kaimu kasimama mbele yake na karatasi ya Liwali mkono wa kushoto na pingu mkono wa kulia.

Kama gazeti lile lilikupita kwa sababu muuza duka alishafungia sukari, pole yako, nitakukumbusha mara moja tu. Shaban, dereva wa trekta za mashamba ya karanga kule Nachingwea, alimpa Swaumu talaka, akakaa miaka mitatu bila kuleta hata salamu, kisha siku moja akaenda barazani kusema mtoto wake Swalehe ametimiza miaka saba na anamtaka. Liwali akaandika amri. Polisi wakaambiwa waitekeleze.

"Mtoto, au mikono yako," alisema Koplo.

Swaumu akanyoosha mikono yote miwili. Halafu akacheka.

Kaimu hakuzoea kuchekwa. Alimzaba kofi moja, si kubwa, la kukumbusha tu, akampita na kuingia ndani. Alipindua kitanda. Alimwaga kihenge cha mtama. Alichokoa uvungu kwa rungu, akapanda hata darini, akatoka na vumbi la ufuta mpaka kwenye nyusi.

"Yuko wapi?"

"Yuko jandoni."

Koplo akashusha rungu.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Uzio umefungwa, moto umewashwa, ngariba amekwisha maliza kazi yake. Kamchukue, Bwana Koplo. Njia unaijua."

Aliijua sana. Kaimu alikuwa Mmwera wa Nanganga, alitahiriwa porini kama wenzake, na alijua kwamba kumbi, ile kambi ya jando, likishafungwa hatoki mwari, kama waitwavyo watoto wa mle, hata mmoja mpaka siku watakapotoka wote pamoja. Ruangwa nzima hapakuwa na mahali pengine ambapo karatasi ya Liwali ingegota. Swaumu alikuwa amelitafuta boma hilo usiku na mchana, na akalipata siku mbili tu kabla ya askari kuja.

Kuna jambo moja hakulifikiria, maskini. Uzio ule haumpitishi hata mama.

Wakati huo alikuwa amefika Yunusi, kaka yake Swaumu, jembe begani. Kwa Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba, kwa hiyo Yunusi hakuwa na haraka ya kusalimia.

"Koplo, wewe ulitoka kumbi gani?"

"La Nanganga."

"Ulitolewa kabla ya wenzako?"

Koplo akaitazama karatasi yake.

"Basi rudi ukamwambie Liwali asubiri."

"Liwali anamtaka mtoto Jumamosi," Kaimu alijibu. "Na Bwana Mkubwa wangu anataka hati, baba ameweka dole kwamba amempokea. Jumamosi hiyohiyo. Mimi nina tepe mbili, Yunusi. Ya tatu imo ndani ya karatasi hii."

"Mwana wa dada yangu si tepe."

Kaimu akafunga pingu kiunoni. Aliomba maji, akayanywa kwa kata akiwa amesimama, akairudisha kwa mikono miwili kama mgeni mwenye adabu.

"Dada, umenishinda," alimwambia Swaumu, akapanda baiskeli yake.

Askari akikuita dada baada ya kukuzaba kofi, kimbia. Swaumu hakukimbia. Alienda jikoni akapika.

Sasa nisikilize vizuri habari ya chakula cha jandoni, maana humo ndimo mambo yote yalimo.

Mama mwenye mwari hachani nywele, hajipaki mafuta, hatii chumvi mchuzini. Kila siku adhuhuri huchukua chakula cha mwanawe mpaka pale kwenye mti ulioviringishwa magome, hatua mia mbili kutoka kwenye uzio, akaweka chini, akageuza uso. Mwanamume hutoka ndani kuja kuchukua. Baadaye huirudisha sahani palepale. Mama haambiwi neno. Haulizi. Mtoto akiugua, haambiwi. Hata akifa, haambiwi mpaka kumbi livunjwe. Habari yote anayoipata ni sahani ile, ikirudi tupu basi mwanawe anakula.

"Mama abaki nje," Yunusi alimwambia siku ya kwanza, pale mtini, na Swaumu akabaki.

Sahani yake ilikuwa ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu, zawadi ya arusi. Na alijua kuisoma kuliko Liwali anavyosoma hati.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano sahani ilirudi na mambo ya Swalehe. Maganda ya nyanya yamesukumwa pembeni, kwa kuwa Swalehe maganda hali. Mfupa wa paja la kuku umelambwa vizuri nyama yote, lakini mzima, maana mtoto yule alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele mwezi uliopita na alikuwa akitafuna kama mzee. Swaumu aliushika mfupa ule akacheka peke yake njiani.

Alhamisi sahani ilirudi nyeupe. Maganda hakuna. Na mfupa ulikuwa umevunjwa katikati, uboho umefyonzwa.

"Mwanangu anakula siku hizi," alimwambia Sabaha, mwenziwe, ambaye naye mwanawe alikuwa ndani.

"Jando linakuza, shoga. Wangu nyumbani alikuwa akila kama kifaranga, sasa nachota mara mbili."

"Na mifupa anavunja?"

"Wewe unataka avunje nini, vichwa vya watu? Mfupa wa kuku tu!"

Walicheka. Lakini Ijumaa mfupa ulirudi umevunjwa. Jumamosi vilevile. Jumapili Swaumu alipika mchuzi wa mbuzi wenye mfupa mnene wa goti, akaupata umepasuliwa vipande vinne. Mtoto wa miaka saba, bila meno ya mbele, aupasue mfupa wa goti?

Alilala na swali lile siku tatu. Hakuthubutu kumwambia mtu, kwa sababu akiuliza atasemwa kwamba analivunja jando la wenzake, na mtoto wa yeyote akipata homa mle ndani, lawama itakuwa yake.

Siku ya nne akafanya hila. Alichukua pilipili kichaa, zile ndogo zinazotoa machozi hata ukizikanyaga, akatwanga kiganja kizima, akachanganya kwenye mchuzi wa kunde. Swalehe akiona pilipili moja tu huhama jamvi. Kama ni yeye anayekula, sahani itarudi kama ilivyokwenda.

Aliweka pale mtini, akageuza uso. Akasubiri.

Nusu saa hivi, sahani ikarudishwa. Alisikia ikiwekwa chini. Akasikia na kitu kingine.

"Kwi."

Swaumu hakugeuka.

"Kwi! Kwi!"

Hapo aligeuka, na mwiko ukavunjika siku hiyo. Aliyesimama pale alikuwa Yunusi, kaka yake wa tumbo moja, macho mekundu, kamasi zinamchuruzika, kwikwi zinamtikisa mabega. Sahani ilikuwa tupu.

"Kaka."

"Geuka! Kwi! Utawaletea watoto balaa!"

"Kaka, umekula chakula cha mwanangu."

"Nimeonja tu."

"Umekula leo. Na jana. Na mfupa wa goti." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Swalehe amekufa lini?"

"Hajafa!"

"Walimzika upande gani? Nionyeshe tu, sitalia, naapa sitalia."

"Nimekwambia hajafa, wewe mwanamke! Alitoka hapa anapumua!"

Neno limekwisha toka, halirudi. Yunusi akalitafuta la kulifunikia, asilione. Swaumu akamkamata ukosi wa shati.

"Alitoka? Nani alitoka?"

Basi Yunusi akakaa chini, kwikwi zake na zote, akasema.

Kaimu hakurudi kituoni kwake Nachingwea siku ile. Alilala Nanganga kwao siku mbili, na Alhamisi asubuhi, wakati akina mama wako jikoni, akaja kwa upande wa mtoni, peke yake. Hakuingia kwa nguvu. Alivua kofia na viatu, akajibu maswali yote ya uzioni kama mtu aliyefundwa, wakamfungulia. Alikaa nao motoni. Akaomba aonyeshwe kibali.

"Kibali gani?"

"Cha kuchezea jando. Kila kumbi lina kibali cha Liwali. Mnacho?"

Hawakuwa nacho. Kibali huombwa mwezi mzima kabla, na jando lile lilifunguliwa mbiombio.

"Wewe ndiye uliyesema tuwahi," Yunusi alimwambia dada yake. "Ulinijia unalia, tuwahi kabla ya polisi. Tukawahi."

Koplo hakupaza sauti. Aliwahesabu wari kwa kidole, wakawa kumi na wanne. Akasema anao uwezo wa kuuchoma uzio, kuwafunga wanaume sita waliomo, na kuwatoa watoto wote na vidonda vyao wakatazamwe na wanawake. Ama wampe mmoja, na yeye hajaona kumbi, hajaona moto.

"Na nyie mkampa."

"Mmoja kwa kumi na watatu, Swaumu! Ungekuwa wewe?"

"Nani alimshika mkono?"

Yunusi akachora chini kwa kijiti.

"Nani alimshika mkono, kaka?"

"Alikuwa akinilalia mapajani. Kidonda kilikuwa cha siku nne, bado kinatoka damu akisimama. Nikambeba. Nikamweka kwenye keria ya baiskeli."

"Ukamweka kwenye keria. Akakaa na kidonda?"

"Nilikunja shuka, nikatandika."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama wewe unajua."

Msomaji wangu, mimi nawaandikia tu. Kama una mtoto wa miaka saba nyumbani, liweke chini gazeti kidogo ukamtazame.

"Ukamjibu nini?" Swaumu aliuliza.

"Nilimwambia unajua. Ili asilie."

Kumbe ukatili wenyewe ulikuwa bado. Koplo alipokwisha panda baiskeli aligeuka akawaambia wale wanaume: mama haambiwi mambo ya kumbini, si ndiyo mila yenu? Basi msimwambie. Sahani yake ikija ipokeeni, ikirudi irudi tupu. Sitaki nimwone mwanamke kituoni kwangu kabla ya kumbi kuvunjwa. Nikimwona tu, kibali hamna.

Ndiyo maana Yunusi alikula. Alikula siku saba, chakula kisicho na chumvi, cha mtoto aliyemtoa mwenyewe. Na wenzake humo ndani walimwachia sahani nzima bila kumega, kwa kuwa kila mmoja aliogopa tonge lile.

Swaumu hakumpiga. Hakumtukana. Aliokota sahani yake, akaifuta kwa kanga.

"Kesho usije mtini," alimwambia. "Kapikiwe na mkeo."

Alfajiri akachinja kuku wa mwisho, akampika bila pilipili, akatia chumvi, akafunika sahani kwa majani ya mgomba na kuifunga kitambaa. Mwenye lori la ufuta lililokuwa likienda Nachingwea alimruhusu apande juu ya magunia. Njia nzima aliishika ile sahani mapajani. Alichokitaka ni kimoja tu, naye alishakata tamaa ya mengine yote: Swalehe abaki kwa baba yake akitaka Liwali, lakini amwone anakula, kwa macho yake, mara moja.

Walifika adhuhuri. Nachingwea ya siku hizo ulikuwa ukiisikia kabla ya kuiona, matrekta yananguruma, minyororo inang'oa visiki, vumbi jekundu limewapaka watu wote rangi moja. Aliuliza kambi ya madereva, akaelekezwa. Shaban alikuwa amekaa kizingitini, anashona kiraka cha suruali kwa taabu, maana mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne. Dole gumba lilikatwa na mnyororo wa trekta mwaka wa kwanza wa karanga.

Aliinua macho. Akaruka kusimama.

"Umemleta?"

Swaumu alikuwa ameandaa maneno njiani, maneno ya kuomba. Yote yakamtoroka.

"Nani?"

"Swalehe. Jando limekwisha? Koplo alinitumia habari nivumilie, mtoto yuko jandoni kwenu, akitoka ataniletea mwenyewe."

"Shaban, usinichezee. Nimekuja na chakula chake tu, sikuja kugombana. Mwite."

"Nimwite kutoka wapi?"

"Ulimpokea Jumamosi ile!"

"Jumamosi gani? Mimi nilikuwa Kilimarondo wiki mbili, nafyeka pori, tembo wanatukimbiza! Nimerudi jana! Waulize hawa!"

Majirani wakatoa vichwa. Mmoja akaitikia kwamba ni kweli, wamerudi jana.

Walitazamana, wale waliokuwa mume na mke. Kwa miaka mitatu hawakuwahi kukubaliana hata juu ya siku ya wiki. Sasa kila mmoja aliona uso wa mwenzake umebadilika namna moja, na hapakuwa na haja ya kusema tena. Shaban akatupa suruali, akatangulia, Swaumu nyuma yake na sahani.

Kituo kilikuwa nyumba ndogo ya mabati njia panda ya karanga, na nyuma yake kota tatu za askari. Mezani alikuwa Teofili, askari kijana aliyesoma misheni, anajua kusoma na kuandika vizuri, na hajajifunza bado kukunja uso.

"Bwana askari, shauri la mtoto Swalehe bin Shaban," Shaban alisema. "Nataka kujua limefikia wapi."

Teofili akafungua daftari, akafuata mistari kwa kidole.

"Limekwisha. Hili hapa. 'Jumamosi, saa tisa mchana. Amri imetekelezwa. Mtoto amekabidhiwa baba yake, akiwa mzima wa afya.'" Akatabasamu. "Na baba ameweka dole."

"Dole gani?"

"Gumba. La kulia. Ndiyo sheria."

Shaban akaunyanyua mkono wake wa kulia, akaupandisha mezani, juu ya daftari, polepole. Vidole vinne na kovu.

Teofili akautazama mkono, akatazama daftari, akautazama mkono tena. Tabasamu likamwisha.

"Mimi... sikuwa zamu siku ile," alisema.

"Ngoja." Swaumu alikuwa amesogea. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alama ile ya wino aliiona. Ilikuwa ndogo, ndogo mno kwa mtu mzima, na katikati ilikatwa na mstari mweupe ulioanza kwenye ncha ukashuka upande.

Aliujua mstari ule. Mwaka jana wakati wa mihogo, Swalehe alilia kwamba naye anataka kumenya kama watu wakubwa, akapewa kisu, akajikata. Yeye Swaumu mwenyewe ndiye aliyemfunga kwa utomvu na kitambaa.

"Hili ni dole la mwanangu," alisema.

"Mama, haiwezekani, mtoto hawezi kuweka—"

"Ni dole la mwanangu! Kajipokea mwenyewe! Mmemwekesha dole mtoto wa miaka saba kwamba amejipokea mwenyewe!"

Shaban akashika ukingo wa meza. Kwa hiyo mtoto alifika. Siku ile ya Jumamosi saa tisa alikuwa hapa, mbele ya meza hii, hai, na mtu mzima akamshika kidole akakitia winoni.

"Nani kawaruhusu kugusa daftari la serikali?"

Sauti ilitoka mlangoni. Wakageuka. Kaimu alikuwa amevaa shati jipya la kaki lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na mkononi, wasomaji wangu, zilikuwepo tepe tatu. Amri ya mahakama ilitekelezwa kwa siku iliyopangwa, baba akaweka dole, na wakubwa wakafurahi. Alikuwa Sajini sasa.

"Shikamoo, afande," Teofili alisema, akasimama wima.

"Mwanangu yuko wapi?" Shaban alifoka.

"Punguza sauti. Ulishitaki kwamba mtoto aletwe, akaletwa. Jumamosi nimemleta mpaka kambini kwako, kumefungwa. Wewe uko Kilimarondo. Liwali anangoja hati, Bwana Mkubwa anangoja hati. Ulitaka niandike nini, kwamba mwenye mtoto kaenda kufukuza tembo?"

"Ungempeleka hospitali!" Swaumu alilia. "Alikuwa na kidonda!"

"Hospitali." Kaimu akatikisa kichwa kama mtu anayemfundisha mjinga. "Nimpeleke kwa daktari mtoto mwenye kidonda cha siku sita, kimekaliwa baiskeli kutoka Malolo, daktari aandike. Akishaandika, hizi tepe nitazivaa wapi? Nilimweka kwangu. Nilisema kikipona nimpeleke kwa baba yake, mambo yaishe. Nimempa uji. Nimempa vidonge. Nimefanya kazi ya mzazi, mimi, nyie mkigombana."

"Kimepona?" aliuliza Shaban.

Kaimu akawapita. Alikwenda ukutani akatungua ufunguo mmoja kwenye msumari.

"Teofili, kaa mezani. Daftari lifunge."

Wakatoka kwa mlango wa nyuma. Kota ya Sajini ilikuwa ya mwisho. Dirisha la chumba cha uani lilikuwa limezibwa kwa gunia, na juu ya gunia inzi walikuwa wamejaa. Swaumu alianza kuita jina la mwanawe kabla hawajafika, akaliita mara tatu, na mara zote tatu hakusikia kitu ila matrekta.

Kaimu akatia ufunguo. Kisha akageuka, akaweka mkono kwenye mwimo wa mlango, na akasema yale maneno ambayo wanaume wa nchi hii wameyazoea mno vinywani.

"Baba aingie. Mama abaki nje."

Mara ya kwanza Swaumu aliposikia neno hilo alilitii. Alibaki nje na akapika siku kumi.

"Nipishe," alisema.

"Nakuambia kwa wema, dada." Sajini akainama, akaitazama ile sahani yenye ukingo wa buluu, na harufu ya kuku ilikuwa bado inatoka. "Usipoingia, utarudi kwenu ukaendelee kupika. Ukiingia utamwona."

Swaumu akampa Shaban sahani aishike, akausukuma mlango.